UZI: Redio ndogo za FM kwa taarifa za dharura kwenye mialo ya Mwanza. Mtambo tutaupata, lakini nani atashika kipaza sauti?

Mwanamwalo (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Nimefungua uzi huu ili tujadili jambo moja tu: iwapo mialo yetu ya wilaya ya Ilemela, yaani sehemu za ufukweni ambako wavuvi hupaki mitumbwi na kushusha samaki, kuanzia Kirumba hadi Igombe na Kayenze, pamoja na visiwa vya jirani, inaweza kuwa na kituo kidogo cha redio ya FM cha wati 50 hadi 100, ambacho wajibu wake wa kwanza ni taarifa za dharura za eneo hilohilo, na burudani ya mkoa mzima iwabaki wenye uwezo nayo.

Naanza na ziwa lenyewe, kwa sababu wengi wanaozungumzia tahadhari za hali ya hewa wanaliona kana kwamba ni bahari ya kawaida. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko upande wa Tanzania. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, zikapandisha hewa yenye unyevu na kutengeneza mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hili hutokea zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Sasa tazama ratiba ya wavuvi wetu wa dagaa: wanatoka jioni, wanawasha taa gizani, na wanarudi asubuhi. Saa za kazi na saa za hatari ni zilezile.

Taarifa za hali ya hewa zipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, ina rada hapa Mwanza, na hutoa tahadhari kwa ngazi tatu: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Tatizo linaanza pale taarifa hiyo inapopita kwenye redio inayosikika kuanzia Kagera hadi Mara. Mtangazaji anasoma kwamba kutakuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa katika baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria, kisha anaendelea na muziki. Mvuvi wa Kayenze anayesikia maneno hayo anajua kwamba "baadhi ya maeneo" yanaweza kuwa Musoma, au Bukoba, au kwake, na kwa kuwa jana yalisemwa hayohayo na hakuna kilichotokea, anasukuma mtumbwi wake majini. Simlaumu. Taarifa isiyotaja mahali humwachia msikilizaji kazi ya kubashiri.

Mifano ya wenzetu ipo. Kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani mwishoni mwa Agosti 2005, kituo kidogo cha jamii WQRZ-LP katika mji wa Bay St. Louis, Mississippi, chenye leseni ya wati 100, kiliendelea kusikika wakati vituo vikubwa vya eneo hilo vimenyamaza, na ofisi ya dharura ya wilaya ikakitumia kuwaambia watu wapi pa kupata maji, chakula na tiba. Japani, tangu tetemeko la Kobe la Januari 1995, wana utaratibu wa vituo vya muda vya FM vya maafa, ambapo halmashauri ya mji hupewa ruhusa kwa haraka sana, hata kwa simu, na makaratasi yakafuata baadaye. Baada ya tsunami ya Machi 2011 vituo vya aina hiyo vilifunguliwa zaidi ya 20. India kuna Kadal Osai, redio ya jamii ya wavuvi katika kisiwa cha Pamban, Tamil Nadu. Na kwa jirani zetu Kenya, mpango wa RANET wa idara yao ya hali ya hewa ulisaidia kuanzisha vituo vidogo, kimojawapo Bulala FM huko Budalang'i, Busia, mahali ambapo Mto Nzoia hufurika kabla ya kumwaga maji yake katika ziwa hili hili letu.

Hata sisi si wageni wa jambo hili. Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 kwa sababu ya wakimbizi, yaani ilizaliwa kutokana na dharura, na Sengerema, ng'ambo ya ghuba tu, wana redio ya jamii kwa miaka mingi sasa.

Hoja yangu ni kwamba mtambo ndio sehemu nyepesi ya kazi hii. Ugumu uko katika kupanga nani anampa taarifa mtangazaji, nani anaruhusiwa kuisoma, na nani yuko macho saa nane usiku. Naomba michango yenu, hasa ya mafundi na ya watu wa mialoni.

Fundi wa Mlingoti

Mkuu Mwanamwalo, nimefunga antena za FM katika mikoa hii ya ziwa kwa muda mrefu, kwa hiyo nitazungumzia upande wangu. Watu wakisikia "wati 50" hucheka, kwa kuwa wamezoea kusikia habari za kilowati. Lakini katika FM kimo cha antena ni mali kuliko wati. Ukiongeza nguvu mara mbili hupati umbali mara mbili, unapata nyongeza ndogo tu, na bili ya umeme ndiyo inayopanda kweli. Ukiipandisha antena kutoka mita 15 hadi mita 60 juu ya usawa wa maji, unabadilisha kabisa eneo unalolifikia.

Kanuni tunayotumia kukadiria upeo ni hii: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Antena ya mita 75 juu ya ziwa, kwa mfano kilima cha mita 60 na mlingoti wa mita 15, inaona kilomita 35 hivi. Hata hivyo nasisitiza kwamba kuona si kusikika. Kipokezi kilicho ndani ya mtumbwi kiko karibu mita moja tu juu ya maji, na mawimbi ya redio yanayodunda juu ya uso wa maji hudhoofisha yale yanayokuja moja kwa moja. Kwa wati 50, usimwahidi mtu aliye ndani ya mtumbwi kilomita 30. Wahindi, ambao redio zao za jamii zimewekewa ukomo wa wati 50 na mlingoti wa mita 30, hukadiria kilomita 10 au pungufu kwa usikivu mzuri. Nami ningekaa hapo.

Halafu kuna miamba yetu. Jiji hili limejengwa juu ya mawe, na kila kilima kina kivuli chake. Antena ikiwekwa kilima cha Isamilo, yupo mtu wa nyuma ya kilima asiye mbali kabisa ambaye atasikia mkwaruzo mtupu, wakati mtu wa ng'ambo ya maji anasikia vizuri. Kabla ya kununua chochote, pandeni kilimani mtazame kwa macho ni mialo ipi inayoonekana. Mwalo msiouona ninyi, antena nayo haitauona.

Jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya wauzaji: rusheni kwa mono, achaneni na stirio. Sauti ya mtu anayesoma tahadhari haina haja ya spika mbili, na mono husikika vizuri mahali ambapo stirio imekwisha kuwa mkwaruzo. Ni umbali wa bure.

Kuhusu umeme, hesabu ni hii. Mtambo wa wati 50 hula karibu wati 100. Weka mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti), kompyuta mpakato na taa moja, wati 60. Jumla 160. Betri moja ya asidi ya volti 12 na Ah 200 (ampea-saa) ina Wh 2,400 (wati-saa), na ukitaka idumu usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo una Wh 1,200, ambazo ni saa saba na nusu. Betri mbili zinakuvusha usiku mmoja wa saa 12 na akiba kidogo. Mtambo unaokubali umeme wa betri moja kwa moja ni bora, kwani inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hula chake kabla hujafaidika.

Na radi. Mlingoti juu ya kilima cha Mwanza ni mwaliko wa radi, na hapa ndipo nilipoona vituo vikifa. Fundi anachimbia fimbo ya shaba ya athi, ile inayopeleka umeme wa radi ardhini, kama alivyofundishwa, lakini chini ya sentimita 40 anakutana na jabali, anaikata fimbo na kufukia kipande kilichobaki. Kwa macho athi ipo. Kwa kipimo haipo. Kwenye mawe mnatakiwa kutandaza waya wa shaba kwa mlalo, mita nyingi, mkishuka nao mpaka penye udongo wenye unyevu. Shaba hiyo itawagharimu, na wezi watalala macho, lakini bila hiyo mtambo wenu hautamaliza masika ya kwanza.

Mlipakodi wa Nyakato

Nasoma kwa makini, ila niulize bila kuzunguka. Kila mvuvi ana simu. Kuna SMS, kuna makundi ya WhatsApp ya kila mwalo, na misikiti na makanisa yana vipaza sauti. Kwa nini tujenge mlingoti na kununua betri kwa jambo ambalo ujumbe mmoja wa simu unalimaliza? Pia tunajua redio hizi zinavyoishia: mwaka wa kwanza ni jamii, mwaka wa pili ni matangazo ya waganga, mwaka wa tatu ni kampeni.

Mwanamwalo

Ndugu Mlipakodi, swali lako ni la haki. Simu ni njia nzuri, na hakuna anayesema iachwe. Ila SMS hutumwa kwa namba moja moja, na siku ya maafa watu wote hupiga simu kwa wakati mmoja, mtandao ukazidiwa. Kuna teknolojia ya minara kurusha ujumbe kwa simu zote zilizo chini yake kwa mkupuo mmoja bila kujali msongamano, na nchi zinazoitumia zimefaidika. Ikija kwetu nitakuwa wa kwanza kuishangilia. Redio haina msongamano. Wasikilize watu kumi au elfu kumi, mtambo haujui tofauti.

Kuhusu WhatsApp, tatizo langu nayo ni kwamba ujumbe haufi. Tahadhari ya mwaka jana inasambazwa tena leo na mtu mwenye nia njema, haina tarehe, na mwalo mzima unababaika. Sauti ya redio inasikika saa ileile inaposemwa, na anayesema anajulikana.

Vipaza sauti vya misikiti na makanisa navikubali kabisa, na ningependa viwe mkono wa pili wa kituo: mhudumu anasikia redio, anawasha kipaza sauti, anarudia maneno yaleyale. Hoja ya waganga na kampeni sina jibu la kukutuliza. Linategemea nani anamiliki, na hilo nalo naomba tulijadili.

Nahodha Mstaafu

Vijana, nimeendesha vyombo kati ya Mwanza na visiwa vya Ukerewe. Mnazungumzia redio kumfuata mvuvi katikati ya maji. Acheni hilo. Fundi amewaambia kwa hesabu, mimi nawaambia kwa mazoea: mtu anayevuta nyavu usiku, injini inanguruma na taa zinawaka, hasikilizi redio. Akisikiliza, ni muziki katika simu yake. Na hata akisikia tahadhari akiwa mbali, dhoruba inakwenda kasi kuliko mtumbwi wake.

Mnaweza kumpata mahali pamoja tu: pale mwaloni, kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili. Wakati huo anapakia mafuta, anasubiri wenzake, anakunywa chai ya mwisho. Hapo ndipo redio ya duka au ya mama lishe inapotakiwa kuwa inasema jambo la maana. Kituo chenu kikiweza kumfanya mtu mmoja kati ya wanne waliomo mtumbwini aseme "leo tungoje kidogo", kimefanya kazi yake.

Jambo la pili ni siku zenyewe. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa kwa sababu taa hazivuti samaki. Usiku wa kwanza wa kurudi kazini, watu wametoka mapumzikoni bila fedha, ndio usiku ambao hawakubali kuzuiwa na upepo. Mtangazaji asiyejua kalenda hiyo atatumia sauti ileile siku zote. Anayeijua ataanza kusema mapema, tangu asubuhi.

Mama wa Chanja, Kayenze

Shikamoo Nahodha, na wengine nawasalimu. Naona mnazungumza kana kwamba mwaloni kuna wanaume peke yao. Sisi tunaoanika dagaa tuko pale mchana kutwa, na redio ziko kwetu. Nyingi ni za betri kubwa, zimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya chanja, kile kitanda cha kuanikia dagaa, nyingine ni simu za kitochi. Fundi, angalia jambo hili: nyingi za simu hizo hazikamati redio mpaka uchomeke waya wa sikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena. Waya wenyewe hukatika mapema. Utaona mtu amechomeka kipande cha waya kisicho na spika hata moja, ili tu simu ikubali. Basi mkipanga kituo, pangeni na waya hizo. Ni bei ndogo kuliko betri zenu.

Nataka niwaambie kitu kitakachowapa wasikilizaji kila siku. Sisi tunataka kujua mvua. Dagaa wakianikwa asubuhi na mvua ikanyesha saa saba mchana kabla hawajakauka, wanaharibika, na wanaoharibika wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Anayeniambia saa mbili asubuhi kwamba leo kuna dalili ya mvua mchana, hata akikosea mara moja moja, nitamsikiliza maisha yangu yote. Na nikimsikiliza kwa ajili ya dagaa, atanikuta redio iko wazi siku atakapokuwa na habari ya dhoruba. Mume wangu na wanangu wanatoka jioni, nami ndiye ninayewafungia chakula. Mkitaka kumfikia mvuvi, nifikieni mimi saa nane mchana.

Mhariri wa Redio ya Jamii

Dada wa Chanja amesema jambo ambalo sisi tuliomo katika redio za jamii tumelijifunza kwa gharama. Kituo cha dharura peke yake hakipo. Marekani wana vituo vidogo sana vya wati 10 katika masafa ya AM, vilivyoruhusiwa tangu miaka ya 1970, vinavyorudia taarifa za barabara na maafa. Navyo hutegemea vibao vya barabarani vinavyomwambia dereva afungue masafa fulani, kwa kuwa hakuna mtu anayekaa akisikiliza kituo kinachorudia jambo lilelile. Sisi hatuna vibao ziwani. Msikilizaji lazima awe tayari yuko kwenye masafa yako, na kinachomweka hapo ni bei ya dagaa, ratiba ya vivuko, tangazo la mtoto aliyepotea, matangazo ya vifo na ubishi wa mpira. Matangazo ya vifo, kwa taarifa yenu, ndiyo yanayolipa umeme katika vituo vingi.

Sasa sheria, kwa kifupi. Usinunue mtambo mtandaoni ukauwasha. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 unahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na masafa uliyopangiwa, na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza. Redio za jamii zina mtandao wake, TADIO, ambao unafaa kuulizwa kabla ya kuandika maombi. Pili, kituo hakitabiri hali ya hewa. Tangu Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya mwaka 2019, utabiri ni wa TMA, na wewe kazi yako ni kuusoma bila kuupamba. Unaruhusiwa, na unapaswa, kuueleza: kutaja mialo, kueleza mita mbili za wimbi zina maana gani kwa mtumbwi wa makasia. Huruhusiwi kuongeza wimbi liwe la mita tatu kwa sababu unaona watu hawaogopi.

Kuhusu nani ampe mtangazaji taarifa, tayari kuna chombo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Nyingi hukutana maafa yakishatokea. Kituo kiwe na daftari moja lenye namba za watu: ofisi ya TMA, Polisi Wanamaji, Zimamoto na Uokoaji, mganga wa zamu, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo) wa kila mwalo. Taarifa ikitoka kwa mwananchi, hairushwi mpaka mtu wa pili asiye jamaa yake aithibitishe. Ikitoka TMA, inarushwa mara moja na saa inaandikwa. Na majina ya marehemu hayasomwi kabla mamlaka na familia hazijaafiki, hata kama majirani wote wanayajua.

Nasema hili la mwisho nikiikumbuka MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kile kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Redio ndogo isingezuia kivuko kujazwa kupita kiasi, na anayedai hivyo anatudanganya. Lakini fikirini saa zilizofuata. Uokoaji ulisimama giza lilipoingia. Watu wa Ukerewe, Mwanza na Magu walikuwa wakitafuta habari za ndugu zao, na kila simu ilileta orodha tofauti. Kituo chenye mtu mmoja gatini na mmoja hospitalini, kinachosema kila nusu saa ni wangapi wametambuliwa, ndugu waende wapi na wasiende wapi, kingepunguza mateso ya usiku ule.

Mlipakodi wa Nyakato

Hoja ya waya wa simu na ya mvua ya dagaa zimenigeuza kidogo. Bado umiliki. Nani?

Mhariri wa Redio ya Jamii

Si mtu mmoja, na si mwanasiasa, hata awe mkarimu vipi. Kilicho rahisi ni chama cha ushirika au asasi iliyosajiliwa, yenye bodi inayotoka katika mialo, na angalau wawili wawe wanawake wa chanja. Kampeni zikianza, bodi ndiyo inayosema hapana, maana mtangazaji wa kujitolea hawezi kumwambia hapana diwani wake. Tena andikeni katika katiba yenu kwamba tahadhari hukatiza kipindi chochote, kiwe cha dini au kilicholipiwa. Bila maandishi, jioni itakuja ambapo tahadhari itasubiri mhubiri amalize.

Mwanamwalo

Nashukuru wote. Naongeza kwamba dharura za mwambao huu hazikomei kwenye dhoruba. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda hadi kukifikia na kukizidi kilele cha mwaka 1964, na wakazi wa kandokando walihama polepole, nyumba kwa nyumba. Tetemeko la Septemba 2016 la Kagera lilisikika hadi huku. Ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera Machi 2023. Kipindupindu tunakijua. Mambo haya hayahitaji king'ora. Yanahitaji sauti inayosema jambo moja kwa wiki kadhaa, ikijibu maswali ya watu kwa lugha wanayoielewa.

Tuijaribu basi kazi yenyewe. Hii ni rasimu ya tangazo la saa kumi jioni, kwa siku ya tahadhari ya rangi ya chungwa:

"Tahadhari. TMA imetoa tahadhari ya rangi ya chungwa ya upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani usiku huu, hadi alfajiri. Wavuvi wa mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze, na wa visiwa vya jirani, wanashauriwa kuchukua tahadhari. Wasafiri wa mitumbwi wasubiri hadi kesho. Tutarudia taarifa hii."

Irekebisheni.

Nahodha Mstaafu

"Kuchukua tahadhari" haimwambii mtu chochote. Mtu anachukua nini, anaiweka wapi? Sema: "Usitoke usiku huu. Kama umeshatoka, rudi sasa au ingia kisiwa kilicho karibu nawe, na vaeni maboya." Pia taja saa, kwa mfano saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kama TMA wameitaja. Mvuvi hupanga kwa saa. Akisikia "usiku huu" atasema upepo utaanza usiku wa manane, nami nitakuwa nimerudi.

Fundi wa Mlingoti

"Tutarudia taarifa hii" iwe na muda. Semeni "saa kumi na nusu, saa kumi na moja na saa kumi na mbili kamili". Mtu akijua saa, atafungua redio dakika mbili tu na kuokoa betri yake. Na isomwe mara mbili mfululizo, polepole, kwa sababu anayefungua redio katikati husikia nusu ya kwanza imekwisha.

Mama wa Chanja, Kayenze

Mimi nina moja. Mmewasahau waliotoka tangu jana na wako kambini kisiwani, ambao simu zao hazipatikani. Ongezeni: "Mwenye mtu aliyeko ziwani au kambini, toa taarifa kwa mwenyekiti wa BMU wa mwalo wako kabla ya saa moja usiku, utaje jina la mtumbwi na idadi ya watu waliomo." Hapo asubuhi tutajua nani wa kutafutwa na aanze kutafutwa wapi.

Mwanamwalo

Imeingia, pamoja na saa za Fundi na amri za Nahodha. Pendekezo la Mama wa Chanja linaleta swali: wenyeviti wa BMU waandike taarifa hizo katika daftari la aina gani, na nani alipitie saa moja usiku? Aliye na uzoefu wa madaftari ya mwaloni atuwekee hapa mfano wa ukurasa mmoja, tuanze na huo.